Kuchora na Kusoma Grafu ya Mtawanyiko

Grafu ya mtawanyiko ni mchoro unaoonyesha jinsi vipimo viwili vya kitu kimoja vinavyohusiana. Kila kitu kilichopimwa huwa nukta moja. Nukta hizo haziunganishwi moja kwa moja kama ifanyikavyo katika grafu ya mistari, na mwalimu hana budi kulisisitiza jambo hilo tangu mwanzo.

Mfano ufaao hupatikana katika jiografia ya Kongo. Mwinuko wa Kinshasa kutoka usawa wa bahari ni takriban mita 300, Kisangani 400, Lubumbashi 1,200 na Bukavu 1,500. Wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi 25 za sentigredi katika miji miwili ya kwanza, na karibu nyuzi 20 katika miwili ya mwisho. Mwinuko, unaodhaniwa kuleta athari, huwekwa kwenye mhimili wa mlalo; joto huwekwa kwenye mhimili wa wima. Baada ya kuigawa mihimili kwa hatua zilizo sawa, mwanafunzi hutia nukta penye makutano ya vipimo vya kila mji.

Usomaji una hatua tatu. Kwanza, mwelekeo: nukta hushuka kuelekea kulia, yaani mahali palipoinuka zaidi huwa na joto dogo zaidi. Pili, mpangilio: baina ya mita 400 na 1,200 hamna nukta, basi grafu haisemi lolote juu ya pengo hilo mpaka upimwe mji kama Kalemie, ulio karibu mita 780. Tatu, sababu: vipimo kwenda pamoja si uthibitisho kwamba kimoja huzaa kingine. Lubumbashi, kwa mfano, iko mbali zaidi na ikweta kuliko miji ile mingine, na umbali huo nao huathiri joto.

Mnamo 1973, mwanatakwimu Mwingereza Francis Anscombe alichapisha majedwali manne, kila moja lenye jozi 11 za tarakimu. Wastani wake ulilingana, na kipimo cha uhusiano kilikuwa takriban 0.82 katika yote. Yalipochorwa, la kwanza lilionyesha nukta zilizotawanyika kandokando ya mstari. La pili, mkunjo. La tatu, mstari mnyoofu na nukta moja iliyoukiuka. La nne, nukta kumi zilizosimama wima na moja iliyojitenga. Mwanafunzi aliyezoezwa kukokotoa tu angeyahesabu yote kuwa sawa. Kwa hiyo yafaa uchoraji utangulie ukokotoaji.