Miwani, Ubao na Mtoto "Asiyeona Mbali"

Katika orodha ya nahau zinazofunzwa shuleni nchini Kenya, kuvaa miwani ni kulewa. Naye asiyeona mbali ni mtu asiye na busara, asiyeweza kuyapima matokeo ya matendo yake. Semi zote mbili zimejengwa juu ya kasoro ya macho, na zote zinamsuta mwenye kasoro hiyo. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi ambaye kwa hakika haoni mbali hubandikwa jina la mvivu au mzito wa kuelewa, tena aghalabu na watu wanaomtakia mema.

Ili kitu kionekane sawasawa, miale ya mwanga inayotoka kwacho hupindwa mara mbili: kwanza na konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, kisha na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Miale hiyo inapaswa kukutana barabara juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaoipokea taswira. Jicho likiwa refu kupita kiasi, miale hukutana kabla ya kuifikia retina. Vya karibu huonekana bayana ilhali vya mbali hugeuka ukungu. Likiwa fupi, miale huifikia retina kabla haijakutana, na vya karibu ndivyo vinavyolichosha jicho. Konea nayo ikiwa imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, herufi huvutika na kutoa vivuli. Hali hiyo huitwa astigmatizimu. Hakuna kati ya haya lililo ugonjwa wa kuambukiza, wala hakuna dawa ya matone inayoweza kulifupisha jicho.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta. Mtoto anayeandikiwa lenzi ya dayopta 2 zenye alama ya kutoa huona vyema hadi sentimita 50 tu kutoka usoni pake. Ubao uko mita nne au tano mbele yake. Mwalimu humwona akisoma kitabu bila shida yoyote, akaamini kwamba macho yake ni mazima na kwamba kutonakili yaliyo ubaoni ni ukaidi. Mtoto akichungulia daftari la jirani, huadhibiwa kwa kuiba kazi ya mwenziwe. Yeye mwenyewe halalamiki, maadamu hajawahi kuona vinginevyo. Anadhani watu wote huuona ubao hivyo.

Tiba ya hali hii ni kongwe. Miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, nayo ilikuwa ya lenzi mbinuko, zilizonenepa katikati, kwa ajili ya wazee. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na msomaji akalazimika kulisogeza gazeti mbali kadiri mkono unavyofika. Lenzi mbonyeo, zilizokonda katikati, ambazo humfaa asiyeona mbali, zilikuja baadaye. Miwani ya kusomea inayouzwa tayari kando ya barabara huweza kumsaidia mzee, lakini ina nguvu sawa kwa macho yote mawili na haitibu astigmatizimu. Haimfai kabisa mtoto asiyeuona ubao.

Kazi ya kumsaidia mtoto huyo ni ya watu zaidi ya mmoja. Mpima macho, taaluma inayofundishwa nchini katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, humketisha mita sita kutoka kwenye chati ya herufi iliyobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka wa 1862. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huashiria kwa kidole upande inakoelekea. Anayepata 6/60 huhitaji kusogea hadi mita sita ili aone kile ambacho mwenye macho timamu hukiona akiwa mita 60. Kisha lenzi hubadilishwa moja baada ya nyingine, na swali ni lile lile: ipi afadhali? Fundi wa miwani naye hupima umbali kati ya mboni mbili kabla ya kukata lenzi, kwa kuwa lenzi isiyokaa mahali pake huchosha macho na kuleta maumivu ya kichwa. Daktari wa macho hushughulikia yale ambayo miwani haiwezi kuyaondoa, mathalani mtoto wa jicho, au glakoma, ambayo huudhuru mshipa wa jicho polepole, aghalabu bila maumivu.

Ipo pia dhana kwamba miwani huyalegeza macho. Anayeivua huona ukungu ule ule wa awali. Tofauti ni kwamba sasa anajua kuwa ni ukungu.

Walakini, kumtambua mtoto si kumfikisha hospitalini. Utafiti uliofanywa katika shule 50 za msingi katika Kaunti ya Trans Nzoia, na kuchapishwa mwaka wa 2018, uliwatumia walimu kuwapima wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo walimu walitumia chati ya kawaida, na waliobainika kuwa na tatizo wakaandikiwa barua ya kwenda hospitalini. Walioitikia ni 22 kwa kila 100. Katika nusu ya pili walimu walipima kwa simu ya mkononi, wazazi wakapewa picha iliyoiga jinsi mtoto wao anavyoona, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Hao waliitikia 54 kwa kila 100. Mzazi aliyeutazama ukungu kwa macho yake mwenyewe hakuhitaji kuhubiriwa sana. Hata hivyo, watoto 46 katika kila 100 walibaki darasani, mbele ya ubao ule ule.