Usiihukumu RAM kwa Pande Zake

Anayekwenda kununua RAM huulizwa mambo mawili: ni GB ngapi, na ni DDR3, DDR4 au DDR5? Akiwa mjanja kidogo, yeye mwenyewe ataulizia na kasi. Suala la ranki mara nyingi halitajwi kabisa, na likitajwa humalizwa kwa kukigeuza kipande mkononi: chipu zikiwa upande mmoja, ni ranki moja, zikiwa pande zote mbili, ni ranki mbili. Jibu hilo hupatia mara nyingi, ndiyo maana limedumu. Lakini hupatia kwa bahati, kwa kuwa ranki haihusiani na pande. Ranki ni hesabu ya biti.

Prosesa husoma na kuandika kwenye kipande cha RAM kwa upana wa biti 64. Hakuna chipu moja inayobeba biti zote hizo, hivyo chipu hushirikiana, kila moja ikitoa biti 4, 8 au 16 kadiri ilivyoundwa. Kundi la chipu linalotimiza biti 64 na kuitikia wito mmoja ndilo ranki. Chipu 8 za biti 8 ni ranki moja, na chipu 16 za aina hiyo ni ranki mbili. Hapa ndipo kanuni ya pande ilipojipatia umaarufu, maana RAM nyingi za kompyuta za mezani zimejengwa kwa chipu za biti 8. Badilisha upana wa chipu uone inavyovunjika. Chipu 8 za biti 16 hufikisha biti 128, yaani ranki mbili, ingawa kwa idadi zinafanana kabisa na kipande cha ranki moja. Kwenye seva mambo hugeuka: chipu 16 za biti 4 huweza kujaza pande zote mbili, na bado hiyo ni ranki moja tu. (Ukikuta 9 au 18, za ziada ni za kusahihisha makosa; usizihesabu.) Ukubwa nao hausaidii. DDR4 ya GB 16 yaweza kuwa na chipu 16 za gigabiti 8, au chipu 8 za gigabiti 16. Chipu zote zikiwa za upana wa biti 8, ya kwanza ina ranki mbili, ya pili ina moja, na bei huenda ikawa ileile.

Jibu la uhakika limekwisha kuandikwa. Kazi ni kulisoma. JEDEC, taasisi inayoweka viwango vya RAM, ina utaratibu wa maandishi ya stika, na Samsung, SK hynix na Micron huufuata. Ukiona “16GB 2Rx8 PC4-3200AA”, tarakimu iliyo kabla ya R ndiyo idadi ya ranki, na iliyo baada ya x ni upana wa kila chipu. Kingston, katika RAM zake za ValueRAM, huliweka jibu ndani ya namba ya bidhaa: KVR26N19S8/8 ni ya ranki moja kwa sababu ya ile S, na KVR26N19D8/16 ni ya ranki mbili kwa sababu ya D. RAM za wacheza gemu, zilizovikwa bati la kupoozea, mara nyingi hazisemi lolote. Hapo itabidi kuuliza SPD, kichipu kidogo kinachohifadhi maelezo ya kipande chenyewe. Kwenye Windows, programu ya bure ya CPU-Z hukisoma: fungua sehemu ya SPD, chagua sloti, tazama palipoandikwa “Ranks”. Kwenye Linux kuna amri ya dmidecode -t memory, ila hiyo hurudia tu kile BIOS ilichoiambia, na BIOS nyingine hazisemi kitu.

Kuna atakayesema kwamba stika hubandikwa upya na SPD huandikwa upya, na RAM bandia zipo. Ni kweli. Hapo ndipo kuhesabu chipu kunapopata kazi yake halali, kama shahidi wa pili. Stika ikisema 1Rx8 na macho yakaona chipu 16, kuna kitu hakiendi sawa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji kujua haya. Kwa anayeandika barua na kusoma habari, nakubali. Lakini kwa wengine ranki hugusa utendaji, kwa sababu chipu za RAM lazima zihuishwe mara kwa mara ili zisipoteze data. Kwa kawaida DDR4 huhuishwa kila maikrosekunde 7.8, na kila mara chipu ya gigabiti 8 hufungwa kwa nanosekunde 350, ya gigabiti 16 kwa nanosekunde 550. Hiyo ni takribani asilimia 4.5 na 7 ya muda wote. Zikiwapo ranki mbili, moja ikihuishwa nyingine yaweza kuendelea kuhudumia prosesa. Kwa hiyo ile GB 16 ya ranki moja hupata hasara mara mbili: chipu zake hufungwa kwa muda mrefu zaidi, na haina mwenza wa kushika zamu. Tofauti huonekana hasa kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha, ambako michoro ya gemu hutegemea RAM hiyohiyo.

Hata hivyo, kukimbilia ranki nyingi si busara, kwa sababu kila ranki huongeza mzigo wa umeme kwa prosesa. Kwa prosesa za kwanza za Ryzen, AMD iliidhinisha kasi ya DDR4-2667 kwa vipande viwili vya ranki moja, lakini DDR4-1866 tu kwa vipande vinne vya ranki mbili. Mwenye vipande viwili vya 2Rx8 kwenye mazabodi ya sloti nne, kabla ya kuongeza vingine viwili, apige hesabu: huenda ikamfaa zaidi kuviuza na kununua viwili vikubwa.