UHURU ULIOPAA ANGANI

Tarehe 12 Desemba 1970, ndugu zetu wa Kenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa Uhuru wao, kombora lilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Lilichukua chombo cha Wamarekani, nacho kikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Mahali pale hapakuchaguliwa ovyo. Karibu na Ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na kombora lielekealo mashariki hupata msukumo huo bure.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Hata kilipomaliza kazi mwaka 1973, kilikuwa kimeorodhesha vyanzo 339. Kimoja cha ving'aavyo sana ni Wingu la Kaa, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054, iking'aa hata mchana. Nuru ile ilikuwa imesafiri miaka ipatayo 6,500 kabla ya kuwafikia. Katikati ya wingu hilo imesalia nyota ndogo, upana wake kama mji tu, nayo hujizungusha mara 30 kwa kila sekunde.

Tusidhani mambo hayo hayatuhusu. Chuma cha jembe la mkulima, na chuma kilicho katika damu ya mfanyakazi, vilitokana na nyota za kale zilizolipuka namna hiyo.

Wapo watakaouliza: mtu anayengojea mvua atafaidi nini kwa mawingu ya mbali kiasi hicho? Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Lakini elimu ile ile ya kurusha vyombo ndiyo leo inayotuonyesha tufani ingali mbali baharini.

Linalotusikitisha sisi ni jambo jingine. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini elimu ilikuwa ya wageni. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi ule, alipewa Tuzo ya Nobel, naye aliistahili. Je, mtoto wa mvuvi aliyeliona kombora lile likipaa alipata shule ya kumwezesha kuelewa lilikwenda kutafuta nini?

Tarehe 15 Aprili 2023 chombo Taifa-1, ambacho wahandisi wa Kenya walishiriki kukibuni, kilipelekwa angani kutoka California. Twawapongeza kwa moyo wote. Hatua hiyo ni ndogo, lakini safari ni yetu.

Basi wazazi, walimu na viongozi wa matawi, hapana budi tudai maabara na walimu wa hesabu kwa bidii ile ile tunayodai barabara. Kuazima jina ni rahisi. Elimu haiazimwi, hutafutwa kwa jasho. Uhuru uliopaa kutoka bahari yetu usibaki kuwa hadithi ya wengine.