Moshi mweupe alfajiri: Lori hupimwa kabla ya injini kufunguliwa

MADEREVA wa masafa marefu wanaolala Homa Bay wanaifahamu vyema saa ile ya alfajiri ambapo malori yaliyoegeshwa usiku kucha huwashwa moja baada ya jingine. Stata hulia, injini hutikisika, na nyuma ya gari moja au mawili hufumka wingu jeupe linalotanda hadi kwenye vibanda vya chai. Baada ya dakika kadhaa wingu hutoweka, dereva hutia gia na safari ya Rongo, Kisii na hatimaye Nairobi ikaanza.

Wapo wanaolichukulia wingu hilo kuwa jambo la kawaida. Gari halijapata moto, husema, na hawaulizi zaidi. Wapo pia wanaoshtuka na kulikimbiza lori kwa fundi, na fundi asiye na subira hutoa hukumu papo hapo kwamba injini imekwisha na sharti ifunguliwe.

Makosa yote mawili ni ghali. La kwanza laweza kuivunja injini ambayo ingeokolewa kwa kubadilisha gasketi. La pili humfanya mwenye gari kulipia pistoni, ringi na kazi ya siku nyingi ilhali kasoro ilikuwa betri dhaifu au mpira wa dizeli unaoingiza hewa. Kwa mwenye lori moja la kubeba miwa kwenda viwanda vya Awendo au Ndhiwa, kila siku ambayo gari limekaa gereji ni siku ambayo dereva, utingo na wapakiaji hawana ujira.

Ili kuuelewa moshi huo ni lazima kwanza kuelewa jinsi dizeli inavyoungua. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuiendesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, aliondoa haja ya cheche. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa plagi. Ya dizeli huyawasha kwa joto linalotokana na kugandamiza hewa. Pistoni inapopanda, hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 16, au hata zaidi ya 20 kwa injini nyingine, na joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe.

Joto hilo lisipofika, au dizeli ikiingia kwa matone makubwa, au ikachelewa, haiungui yote. Sehemu yake hugeuka mvuke na kutoka kwenye ekzosi kama ukungu mweupe. Kwa maneno mengine, moshi huo ni dizeli iliyonunuliwa lakini haikufanya kazi.

Ni kweli kwamba baridi huchangia. Chuma baridi hufyonza joto la hewa iliyobanwa. Lakini hapa ndipo hali ya eneo inapopaswa kuzingatiwa. Homa Bay iko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Migori haiko juu sana kuliko hapo. Asubuhi za huko ni za ubaridi tu, si za kugandisha. Limuru na Molo, zilizo zaidi ya mita 2,000, ni habari nyingine. Huko hewa ni baridi na pia ni nyepesi, hivyo inapobanwa haipati joto sawa na ile ya ziwani.

Kwa hiyo lori linalowaka bila moshi Homa Bay, kisha likafuka kwa dakika moja baada ya kulala Limuru, halina ugonjwa wa kutisha. Linalofuka kwa dakika kumi kando ya ziwa haliwezi kusingizia baridi.

Hatua ya kwanza, nayo haigharimu chochote, ni kutambua kama wingu hilo ni dizeli au ni maji. Pua hutosha mara nyingi. Mvuke wa dizeli una harufu kali ya mafuta, huwasha macho na huning'inia hewani. Mvuke wa maji hauwashi macho na hutoweka upesi. Ukiwa umetoka kwenye kulanti, huwa na harufu tamutamu. Kitambaa cheupe kikishikwa mbali kidogo na mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache husaidia pia, kwani kitalowa mafuta au maji. Moshi ukielekea rangi ya buluu, hiyo ni oili inayoungua na uchunguzi wake ni mwingine.

Tahadhari moja: matone machache ya maji kwenye ekzosi asubuhi si ushahidi wa lolote. Dizeli inapoungua hutengeneza maji, nayo huganda kwenye paipu baridi. Kinachotia wasiwasi ni mvuke usiokoma hata injini ikipata moto, pamoja na rejeta inayopungua maji bila kuvuja mahali panapoonekana.

Ikiwa ni dizeli, busara ni kuanza na vitu vya bei nafuu. Betri ndiyo ya kwanza, ingawa wengi huiruka. Stata ikizungusha injini polepole, hewa hupata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi na joto hupotea kabla ya mafuta kunyunyizwa. Malori mengi ya Kijapani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, na moja ikichoka huivuta nyingine chini.

Kisha huja plagi za kupasha moto, kwa magari yaliyo nazo. Pikapu na malori mengi madogo huzitumia. Baadhi ya malori makubwa hupasha hewa inapoingia, na mengine hayana kifaa chochote cha aina hiyo. Plagi hupimwa kwa mita baada ya waya wake kufunguliwa. Iliyo nzima huonyesha ukinzani mdogo sana. Iliyokatika haionyeshi njia kabisa. Plagi moja ikifa katika injini ya silinda nne, gari huwaka kwa kutikisika, hufuka, kisha hutulia silinda hiyo inapopata joto kutoka kwa wenzake. Dalili hiyo huwadanganya wengi wakadhani nozeli zimeharibika.

Hewa katika mabomba ya dizeli nayo huleta dalili zinazofanana. Usiku, mafuta hurudi kwenye tangi kupitia kiungo kilicholegea au mpira uliopasuka, na asubuhi stata huhitaji kuzungushwa kwa muda mrefu. Pampu ya mkono ikipigwa kabla ya kuwasha na moshi ukapungua siku hiyo, kasoro imeanza kujitambulisha. Aidha, chujio la kutenga maji linapaswa kumwagwa mara kwa mara, hasa kwa wanaonunua mafuta kutoka mitungi iliyokaa nje wakati wa mvua.

Kuna pia suala la dizeli iliyochanganywa na mafuta taa. Serikali ya Kenya ilitoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita mnamo Septemba 2018 ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Mafuta taa hayalainishi kama dizeli, na pampu na nozeli hutegemea mafuta hayo hayo kujilainisha. Nozeli iliyolika au iliyoshika masizi hudondosha badala ya kunyunyiza. Masizi huongezeka pia kwa malori ya miwa ambayo injini huachwa ikinguruma saa nyingi katika foleni ya kiwanda bila kufanya kazi.

Kujua silinda ipi ina kasoro si vigumu. Injini ikiwashwa ikiwa baridi na kuachwa nusu dakika, tawi la ekzosi la silinda isiyochoma hubaki baridi kuliko mengine. Kipimajoto cha mwanga huonyesha tofauti hiyo mara moja. Mafundi wa zamani walilegeza mabomba ya nozeli moja baada ya jingine na kusikiliza mlio ukibadilika. Njia hiyo ilifaa kwa pampu za kale. Katika injini za kisasa zenye reli moja ya mafuta na udhibiti wa kompyuta, shinikizo hupita baa 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Hilo ni jeraha la kupelekwa hospitali bila kuchelewa, hata kama tundu lenyewe ni dogo mithili ya la sindano. Bomba la injini hizo halilegezwi injini ikiendeshwa, kwa sababu yoyote ile.

Fundi mwema pia huuliza moshi ulianza lini. Ukianza siku ile pampu ilipofungwa upya, hakuna haja ya kutafuta mbali: majira ya kunyunyiza mafuta yamechelewa.

Ikiwa wingu ni maji, mambo hubadilika. Sababu iliyozoeleka ni gasketi ya kichwa cha silinda kuungua au kichwa chenyewe kupasuka, mara nyingi baada ya gari kuchemka. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Madereva wengi hujaza rejeta maji ya mto, yawe ya Kuja au ya kijito chochote kilicho karibu. Katika injini kubwa ambazo maji hugusa mikebe ya silinda moja kwa moja, mtikisiko huzua viputo vidogo vinavyopasuka na kuchimba chuma kidogo kidogo. Kulanti yenye dawa yake huzuia hali hiyo. Maji matupu hayazuii. Siku tundu linapotokeza upande wa pili, maji huchuruzika ndani ya silinda usiku injini ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo kuna hatari kubwa zaidi. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda na kukutana nayo, konrodi hupinda au kuvunjika, na kasoro ya mkebe mmoja huwa ya injini nzima. Kwa hiyo dereva akikuta asubuhi maji yamepungua tena, na stata ikagonga na kukwama, asirudie kuwasha wala asikubali kusukumwa. Nozeli au plagi za kupasha moto hutolewa kwanza, kisha injini huzungushwa polepole kwa mkono ili maji yatoke. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni ushahidi kwamba maji yamefika huko pia, na gari halipaswi kuendeshwa hadi gereji, huvutwa.

Mfumo wa maji unaweza kutiwa shinikizo jioni kwa pampu yake maalumu na kuachwa hadi asubuhi. Sindano ya pampu ikishuka bila maji kuonekana nje, yameingia ndani. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto.

Kipimo cha mgandamizo wa silinda ndicho cha mwisho, na hufanywa betri zikiwa zimejaa, la sivyo namba zake ni za uongo. Fundi hutazama tofauti baina ya silinda na silinda kuliko namba moja moja. Zikiwa chini zote, na moshi unasukuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka na injini ifunguliwe. Ikiwa ni moja tu iliyo chini, vali na gasketi yake hukaguliwa kwanza, na kwa kazi hiyo kichwa pekee ndicho hung'olewa.