Moto ukizimika, nguzo ya zege hairudi ilivyokuwa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MAJENGO ya ghorofa yanazidi kuonekana Bukoba mjini na Muleba, na mengi yamesimama juu ya nguzo za zege. Wengi huamini kuwa zege haliungui. Ndiyo maana duka likiteketea, mwenye nyumba huweza kuondoa majivu, akapiga lipu na rangi, kisha akampangisha mwingine.

Ni kweli kuwa zege haliwaki. Hata hivyo, likipata joto kali huku limebeba mzigo, hubadilika umbo moja kwa moja.

Tuchukue nguzo ya mita 3 isiyobeba kitu. Ikipata joto la nyuzi 600 za Sentigredi mwili mzima, hurefuka kwa takriban sentimita 3. Nguzo hiyohiyo ikiwa imebeba ghorofa, hurefuka kidogo tu, na mzigo ukiwa mkubwa hufupika. Sababu ni kwamba maji yaliyofungamana na saruji hutoka, chembe zake hulegea, na uzito wa juu huzisukuma zijipange upya. Hali hiyo hutokea mara ya kwanza tu zege linapopashwa joto, na haifutiki likipoa. Wataalamu wa Sweden na Uingereza waliichunguza kwa kina katika miaka ya 1970 na 1980.

Hapo ndipo penye hatari isiyofahamika kwa wengi. Nguzo iliyofupika ikiwa ya moto husinyaa zaidi inapopoa, nayo sakafu iliyoegemea juu yake huvutwa na kupasuka. Novemba 27, 2004 huko Gretzenbach, Uswisi, paa la zege la maegesho ya magari ya chini ya ardhi liliporomoka baada ya moto na kuua askari saba wa zimamoto.

Nguvu nayo hupungua. Zege la kokoto za kawaida hubaki na robo tatu ya nguvu zake kwa nyuzi 400, na chini ya nusu kwa nyuzi 600. Nondo hupoteza zaidi ya nusu kwa nyuzi 600. Katika tanuri za majaribio zinazofuata kipimo cha kimataifa, joto hupita nyuzi 800 ndani ya nusu saa. Kinachoikinga nondo kwa muda huo ni sentimita mbili au tatu za zege lililoifunika, ambazo fundi mwenye haraka huzipunguza bila mtu kujua.

Kwa Kagera yapo mambo mawili ya kuongeza. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliacha nyufa katika majengo mengi, na ufa ni njia ya joto kuifikia nondo. Pili ni mvua: Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi nchini. Zege lenye unyevu hutoa mvuke unaoweza kulibambua kwa kishindo wakati wa moto. Likishapita nyuzi 450 hivi, sehemu ya saruji hugeuka chokaa, ambayo baadaye hunywa maji, ikavimba na kupasua zege siku kadhaa baada ya moto kuzimwa.

Nchini upo mfano wa Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililoungua Julai 10, 2021. Zege lake lilibaki limesimama, lakini wafanyabiashara hawakurudishwa siku iliyofuata. Serikali ililifanyia ukarabati mkubwa.

Mwenye jengo anaweza kuanza kwa kutazama rangi. Zege lenye wekundu mara nyingi limepita nyuzi 300, na lililopauka kuwa la kijivu cheupe limepita 600. Likigongwa kwa nyundo likatoa mlio mzito usio na mwangwi, limeachana ndani. Kipimo cha uhakika ni cha mhandisi anayekata vipande na kuvipeleka maabara. Wakati majibu yakisubiriwa, sakafu iegemezwe kwa miti imara, na lipu isiguswe, kwa kuwa ndiyo inayoficha nyufa.