Fundo la uzi wa gita: tuache kusema marehemu amekataa

Tuseme wazi kwanza. Siye watu wa sendika, kazi yetu ni mushahara, buti, kofia ya kazi, hesabu ya saa za posti. Wengine watauliza: gita inaingia namna gani mu ukurasa huu? Inaingia ju ya jambo lililotupata hapa Likasi, ku kilio cha mwenzetu mumoja wa mugodi.

Marehemu alikuwa na gita ya klasiki, ile yenye shingo pana na nyuzi za nailoni, aliyoinunua siku za mushahara wa kweli. Alipokufa, malipo yake ya mwisho hayakutoka, na mpaka tunaandika haya bado hayajatoka. Faili iko mikononi mwetu, hatujaiacha. Nyumba ilibaki na mama mujane, watoto wane, na gita. Binti wa kwanza, mwaka wa tano wa sekondari, ndiye anajua kuipiga. Anapiga mu koro ya parokia, na watu wa ndoa wanamwita, wanamupa kitu kidogo. Kitu kidogo hicho ndicho kinanunua unga.

Usiku wa pili wa kilio aliketi mbele ya watu apige wimbo baba yake alioupenda. Hajafika katikati, uzi wa kwanza ukaachia: pa! Akaufunga tena, akakaza, akaanza. Ukaachia. Mara ya tatu muzee mumoja wa ukoo akasimama: «Acha, mutoto. Papa yako hataki. Gita inakataa.» Watu kimya. Asubuhi yake kulikuwa tayari na mutu mulangoni anayetaka kuinunua kwa bei ya kuku mbili, ju gita ya mufu, ati, inaleta shida mu nyumba.

Kati yetu kuna mumoja aliyefanya miaka mingi kazi ya kufunga mizigo chini ya mashini ya kunyanyulia. Yeye mutu wa kamba. Aliomba gita, akaigeuza kwenye mwangaza, akacheka kidogo (ku kilio, ndiyo, tulimukanya). Akasema: «Mama, marehemu hana neno. Ni fundo.»

Kwa gita ya chuma, uzi una kidonge mwishoni, na kidonge kinazuia. Kwa gita ya klasiki hakuna kidonge. Juu ya tumbo la gita kuna kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi, Wafaransa wanaita shevale. Mbele yake kuna mufupa mweupe mwembamba, sileti, ambapo uzi unalala. Nyuma ya mufupa kuna mbao yenye matundu sita. Uzi unapita mu tundu, unarudi juu ya mbao, unajifunga wenyewe kwa wenyewe. Kinachoushika ni musuguano tu, sawa kamba inavyoshika bomba: ukiizungusha vibaya, hata uvute namna gani, itateleza.

Nailoni inateleza kuliko kitu chochote. Zamani wapiga gita walitumia utumbo wa nyama, ambao una ukwaruzo kidogo. Ni mu miaka ya 1940, utumbo ulipokosekana ju ya vita, ndipo Albert Augustine kule New York alianza kutengeneza nyuzi za nailoni, na mupiga gita Andrés Segovia akazikubali. Lakini umbo la gita yenyewe ni la zamani zaidi, la fundi Antonio de Torres wa Uispania, aliyekufa 1892. Kwa hiyo tunafunga uzi mupya kwenye mbao iliyozoea uzi wa zamani. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko yote, karibu milimeta 0.7, tena laini kama kioo. Ndio ulioachia ku kilio.

Binti alikuwa amefunga hivi: uzi mu tundu, kuurudisha juu, kuupitisha chini ya wenyewe, halafu kuingiza mukia mara moja chini ya kitanzi, palepale juu ya mbao. Wengi wanafunga hivyo, na kwa nyuzi tatu nene, zile zilizozungushiwa waya, mara moja inatosha. Kwa zile tatu laini haitoshi. Zinataka mukia uzungushwe mara mbili, ao tatu kwa uzi wa kwanza. Na hapa ndipo siri iko, tuisome polepole: ile mara ya mwisho mukia unapoingia chini ya kitanzi, lazima iangukie nyuma ya mbao, chini ya ukingo, si juu. Ikiwa juu, hakuna kinachoubana. Ikiwa nyuma, uzi unapovutwa unaukandamiza mukia kwenye mbao, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyoubana. Mutu wetu wa kamba aliusukuma kwa ukucha mpaka ukashuka nyuma, akakaza polepole huku kidole kikiushikilia. Haukuachia.

Akaongeza jambo lingine. Kabla ya kuingiza uzi, chukua kiberiti, choma ncha ya nailoni kidogo tu mpaka iyeyuke iwe kidonge. Ukitaka kuteleza, kidonge kinagonga kitanzi, kinasimama. Fanya hivyo mbali na gita! Na weka kipande cha karatasi ngumu chini ya mbao ile wakati unakaza, ju uzi ukichomoka unapiga tumbo la gita sawa fimbo. Gita ya marehemu iko na makovu matatu ya usiku ule. Uso pia usiuweke karibu. Jicho halina la akiba, tunalisema kila siku ku mugodi.

Mama mujane akatuuliza mbona sauti ya gita ilikuwa imefifia tangu zamani, hata marehemu alilalamika. Hapa tulijifunza wote. Ukitazama gita kwa upande, uzi unatoka mu tundu, unapanda, unapita juu ya mufupa, kisha unaendelea kwenda shingoni. Ule mupindo wa nyuma ya mufupa ndio unausukuma uzi chini na kutuma sauti mu tumbo. Sasa kitanzi cha kawaida kinapita chini ya uzi palepale unapotoka mu tundu na kuuvuta juu. Mupindo unapungua. Uzi unalala juu ya mufupa bila uzito, sauti inakuwa nyembamba, mara nyingine inalia zizizi.

Mafundi wa kule wamepata dawa: matundu kumi na mawili badala ya sita. Uzi unaingia tundu la kwanza kutoka mbele, unarudi mbele kwa tundu la pili, unapanda juu ya mbao, na mukia unaenda kubanwa nyuma, chini ya kile kipande kinachounganisha matundu mawili. Mbele hakuna kitanzi kinachouinua, uzi unatoka chini kabisa, umenyooka. Ni kazi nzuri. Lakini kutoboa shevale kwa mashini ya kutobolea vyuma, hapana. Mbao ile ndogo inapasuka, na ikipasuka umepoteza gita. Tuwaachie mafundi wa gita.

Siye tulifanya njia ya masikini, kwa nyuzi tatu laini peke yake. Ushanga mudogo wa plastiki ngumu (si wa kioo, kioo kinakata), tundu lake litoshe uzi na si zaidi. Fundo la nane mwishoni mwa uzi, lile watu wa kamba wanalijua, na ncha iliyochomwa. Kisha uzi unapita mu ushanga, unaingia tundu la shevale kutoka nyuma, unatokea mbele, unaenda moja kwa moja juu ya mufupa. Ushanga unakaa nyuma sawa kizibo. Kitanzi hakuna. Sauti ya uzi wa kwanza ilipotoka safari hii, mama mujane aliweka mukono mudomoni.

Neno moja kwa vijana wa Kikula na Panda. Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimurekodi hapa mu muji wetu mu 1952, wakati ungali unaitwa Jadotville, alipiga gita ya nyuzi za chuma, na masikio yetu yote yanatamani ile sauti. Kwa hiyo munachukua gita ya klasiki munaiwekea nyuzi za chuma, hata waya za freni ya kinga. Nyuzi sita za nailoni zinavuta pamoja karibu kilo 40. Za chuma zinafika karibu kilo 70. Gundi ya shevale haikuwekwa kwa uzito huo. Usiku mumoja mutasikia mulio, na asubuhi shevale iko chini. Mutu wa mugodi anajua kitu gani kinafuata ukipakia karibu mara mbili ya mizigo iliyoandikwa.

Na musitoe nyuzi zote sita mara moja. Badili mumoja, kaza, nenda kwa wa pili. Nailoni mupya itashuka sauti siku kadhaa. Hiyo si kuachia, ni kunyooka tu, usifungue fundo kwa hasira.

Siku ya kumaliza kilio binti alipiga wimbo mpaka mwisho. Muzee yule wa ukoo alikuwapo, hakusema kitu, lakini kisha tulimuona ameinama nyuma ya gita anahesabu shanga. Mutu wa kuku mbili hakurudi. Nyuzi tatu za waya bado ni zile za marehemu, zimekuwa nyeusi. Tunangoja zamu ya mama ku likelemba ya mwezi huu ili tuzibadili. Kuhusu faili ya malipo, Jumatatu tunapanda tena ku ofisi.