Kisukari Kwenye Sinia la Familia

Ijumaa mchana, katika nyumba nyingi za pwani, sinia la pilau hutandikwa ukumbini na watu wakalizunguka. Mjomba mwenye kisukari hukaa pembeni na sahani yake: wali vijiko viwili, mchicha, kipande cha samaki. Ameandaliwa kwa mapenzi. Lakini haupiti muda, mmoja atamsogezea mnofu kwa huruma, mwingine atamkemea kabla hajaupokea, na wa tatu atasema maneno yanayosemwa kila wiki: "Kidogo tu mjomba, kidogo hakiui." Mjomba hucheka, akala vyake. Usiku, wenzake wakishalala, huingia jikoni peke yake akafunua sufuria.

Daktari hayupo sufuria inapofunuliwa. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, na kila mara akakaa na daktari nusu saa nzima, atakuwa ameonana naye saa 6 kwa mwaka. Saa 8,754 zilizobaki ni za nyumbani, kazini, ndani ya daladala, harusini na msibani. Huko ndiko kisukari kinakodhibitiwa au kinakoachwa kiharibu mwili, na huko mgonjwa yuko na watu ambao hakuna aliyewafundisha lolote.

Ugonjwa wenyewe unaelezeka. Ugali, wali, chapati, muhogo na ndizi vyote hugeuka sukari vikishasagwa tumboni, na sukari hiyo huingia kwenye damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli za mwili zikapata nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili imeziharibu seli zinazotengeneza insulini, kwa hiyo mtu hawezi kuishi bila sindano. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, insulini ipo lakini mwili hauiitikii ipasavyo, na miaka inavyokwenda hupungua pia. Ipo na ya ujauzito, ambayo aghalabu huondoka mama akishajifungua lakini humwachia hatari ya kuipata aina ya pili baadaye. Sukari isiyotumika hupanda kwenye damu na nyingine hutoka na mkojo, ndiyo maana wazee waliuona ugonjwa huu kwa sisimizi waliokusanyika mahali mgonjwa alipojisaidia. Siku hizi kinachotazamwa ni tarakimu: sukari ya milimoli 7.0 kwa lita ya damu au zaidi kwa mtu aliyeamka na njaa, kipimo kikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari.

Yale maneno kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri yamepitwa na wakati. Donald McLarty, daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Kitanzania walipima wanavijiji miaka ya 1980 na kukuta kisukari kwa takriban mtu mmoja tu katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwakuta nacho Watanzania 9.1 katika kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Waliopimwa hawakuwa wa aina moja, kwa hiyo tarakimu hizo hazipaswi kulinganishwa kama mizani ya duka, lakini mwelekeo wake hauna shaka. Na barani Afrika, zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawajijui.

Turudi kwenye sinia. Ile sahani ya pembeni, pamoja na nia yake njema, ni kosa. Humfanya mgonjwa awe mgeni nyumbani kwake, na humgeuza kila mwanafamilia kuwa ama askari wa kumvizia au mshirika wa kumtorosha. Tena ni kosa la kitabibu, kwa sababu kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo. Wale vijana wanaokula pilau katikati ya sinia huku wakimwonea huruma mjomba ndio walio hatarini kumfuata. Chakula kinachomfaa yeye ndicho kinachowafaa wao: nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, matembele, kisamvu au bamia, robo iwe samaki, maharage, kuku au dagaa, na robo iliyobaki iwe wanga. Nyumba ikipika hivyo kwa wote, sahani ya mjomba haina haja ya kutengwa.

Mabadiliko mengine hayagharimu hata shilingi. Katika nyumba nyingi chai hupikwa na sukari yake humo humo ndani ya sufuria, ikamiminwa kwenye chupa ikiwa imeshakolea. Mgonjwa hapewi nafasi ya kuchagua. Atakunywa tamu au atakosa. Sukari ikitolewa kwenye sufuria ikawekwa mezani ndani ya kopo lake, kila mtu atajipimia, na baada ya wiki kadhaa wengi hujikuta wamepunguza vijiko bila kuambiwa. Vivyo hivyo kwa matunda: embe likiliwa lenyewe, kwa kiasi, lina nyuzi zinazoichelewesha sukari yake, juisi ya maembe matatu ni sukari inayokimbilia damuni.

Hapa lazima pasemwe jambo linalowaponza wengi. Mtu akishaambiwa ana kisukari, huacha soda na keki, kisha hujipakulia mlima wa ugali wa dona au bakuli la uji wa ulezi kwa kuwa "hauna sukari". Dona ni afadhali kuliko sembe, na ulezi una faida zake, lakini vyote ni wanga. Mlima wa dona hupandisha sukari kama mlima mwingine wowote.

Jambo linaloweza kumuua mtu ndani ya saa chache ni kushuka kwa sukari, na hapo msaada wa mtu wa karibu huwa ndio uhai wenyewe. Humpata hasa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, kama glibenklamaidi, akakosa mlo, akachelewa kula au akafanya kazi nzito kuliko kawaida. Sukari ikishuka chini ya 4.0, huanza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa kumbana. Ikizidi kushuka, hukasirika bila sababu, huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba. Mtaani husemwa amelewa. Nyumbani husemwa amepandwa na pepo, akaanza kusomewa huku dakika zikipita.

Dawa ya kwanza ipo jikoni. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari hasa. Kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Ikiwa bado iko chini, apewe tena vile vile. Ikishapanda, ale chakula, kwa sababu sukari ile ya haraka haikai. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu chochote kinywani kwa kuwa kitaingia kwenye njia ya hewa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Na kama hakuna mashine ya kupimia karibu, mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza, apewe sukari. Ikiwa kumbe imepanda, vijiko hivyo vichache havitamdhuru sana; ikiwa imeshuka, kumnyima kunaweza kumuua.

Mguu huumia kwa kimya. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, ganzi ikatawala nyayo, na damu nayo ikawa haifiki vizuri vidoleni. Mtu anaweza kukanyaga msumari asubuhi akaugundua jioni kwa kuona damu kwenye ndara. Mwaka 2005, Zulfiqarali Abbas, bingwa wa mguu wa kisukari jijini Dar es Salaam, na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Ganzi ilikuwa imefikia kiasi hicho. Kidonda cha namna hiyo kikipuuzwa au kikitibiwa kwa majani na maji ya moto, huoza hadi mfupani, na mwisho wake huwa ni msumeno wa daktari.

Kuuzuia msumeno huo ni kazi ya dakika tatu kwa siku. Miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyojaribiwa kwa kiwiko, si kwa mguu wenyewe. Ikaushwe mpaka katikati ya vidole. Nyayo zikaguliwe, na mzee asiyeona vizuri au asiyeweza kuinama akaguliwe na mjukuu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, sugu zisikatwe kwa wembe, na hata ndani ya nyumba asitembee peku.

Kwa anayetumia insulini, uko pia wasiwasi wa joto. Vichupa visivyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na nyumba nyingi hazina friji. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaona linakwenda kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Wakaiweka insulini katika joto la aina hiyo maabara kwa wiki nne, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yakaonesha kwamba nguvu yake ilibaki. Hii ni habari njema kwa familia iliyokuwa ikimpeleka mtoto hospitali kila siku kwa sindano tu. Chupa inayotumika inaweza kukaa nyumbani mahali penye kivuli, na mtungi wa udongo wenye ubaridi wa maji ni msaada mzuri. Adui mwingine ni barafu: insulini ikishaganda imekwisha, itupwe.

Wapo wanaoikataa sindano kwa imani kwamba ukianza insulini umefikia mwisho. Historia inasema kinyume chake. Kabla ya Januari 1922, mtoto mwenye aina ya kwanza alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Ndipo Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alipochomwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na wenzake, akaishi. Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, ni siku aliyozaliwa Banting. Wapenzi wa soka wanamfahamu Nacho Fernández, aliyegundulika na aina ya kwanza akiwa na miaka 12 na kuambiwa na daktari wa kwanza kwamba mpira basi. Mwaka 2024 alilinyanyua Kombe la Ulaya pale Wembley akiwa nahodha wa Real Madrid. Mwalimu mwenye mtoto wa namna hiyo darasani anachotakiwa ni kumruhusu ale, apime na aende chooni bila kuomba mara tatu.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wake. Wagonjwa wengi hutamani kufunga, na kumwambia mzee wa miaka sabini ale mchana si jambo dogo. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na madaktari humshauri mwenye aina ya kwanza, mwenye figo zilizochoka au ambaye sukari yake hushuka ovyo asifunge. Anayeruhusiwa huonana na daktari wiki kadhaa kabla ili dawa zipangwe upya. Akipima mchana akakuta iko chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue hapo hapo. Na futari nayo itazamwe: tende mbili tatu, si bakuli zima, na kaimati zilizolowa shira ziwe za kuonja. Kama mezani pana mihogo, viazi vitamu, tambi na ndizi za nazi, achague kimoja.

Kupima kwenyewe kuna gharama. Kila mashine ina vijiti vyake, na vijiti vya kampuni moja havifanyi kazi kwenye mashine ya nyingine. Ndugu walio ng'ambo hutuma mashine nzuri nyumbani, vijiti 50 vya kwanza vikaisha, vingine havipatikani mjini, mashine ikalala kabatini. Iliyotoka Marekani huongeza utata: husoma kwa kipimo kingine, ambapo 126 ni sawa na 7.0 ya hapa. Mtu asiyejua hilo hushtuka bure. Anayetaka kusaidia aulize kwanza dukani ni vijiti gani vinauzwa karibu na mgonjwa, kisha atume fedha za vijiti hivyo kila mwezi.

Uchovu wa moyo hautajwi sana kliniki. Watu wenye kisukari hupata sonona takriban mara mbili ya wengine, na si ajabu, kwa kuwa ni ugonjwa usio na likizo. Tarakimu ikiwa mbaya, mgonjwa huulizwa, "Umekula nini tena?" kama mtuhumiwa. Wengine huamua kutopima kabisa ili wasiulizwe. Sukari hupanda kwa homa, kwa kukosa usingizi, kwa msiba, hata kwa mtu aliyekula vizuri. Anayeishi na mgonjwa na aulize swali jingine: "Leo nikusaidie nini?" Halafu atembee naye nusu saa jioni, maana kutembea kunashusha sukari, na njiani watu huambiana mambo ambayo mezani hayasemeki.

Kama nyumbani kwako yuko mwenye kisukari, mwulize leo anaweka wapi sukari yake ya dharura na dalili zake huanzaje. Na usiku, kabla taa haijazimwa, mwombe akuoneshe nyayo zake.